Zawadi na kalamu ya kuazima (kundi la familia)

Mama Zawadi: Asalaam alaykum jamani. Zawadi kaandika "Can you borrow me your pen?" mwalimu kampigia mstari mwekundu. Kosa liko wapi?

Baba Idi: Waalaykum salaam shemeji. Ilitakiwa "lend me your pen".

Mama Zawadi: Si yote ni kuazima?

Dada Rehema: Hapo ndipo watoto wetu wanapokwama, wifi. Nimefundisha Kiingereza mpaka nastaafu, nimelisahihisha sana hili. Sisi tunasema "niazime jembe", tunasema pia "nimeazima jembe kwa jirani". Neno ni lile lile, mtoaji na mpokeaji wote wanalitumia. Kwa Mwingereza, anayepokea ndiye wa "borrow", anayetoa ndiye wa "lend". Zawadi aliweke kando hilo neno kuazima, ashike kukopa na kukopesha. Kukopa ni "borrow", kukopesha ni "lend". "I borrowed a pen from Asha." "Asha lent me a pen."

Mama Zawadi: Kwa kukopesha nimekupata wifi 🙏🏾

Salma: Shikamoo shangazi. Huku Marekani nasikia sana "Can you loan me...?"

Dada Rehema: Marahaba mwanangu. Kwao ni kawaida. Huku kwenye mtihani aandike "lend", "loan" iwe ule mkopo wenyewe.

Baba Idi: Na chumvi je, dada? Ukiomba kwa jirani hairudi ile ile.

Dada Rehema: Umeuliza la maana. Kiswahili kinatofautisha: cha kuazima unarudisha chenyewe, cha kukopa unarudisha mfano wake. Kiingereza hakijali. Jembe "borrow", pesa "borrow", hata chumvi iliyokwisha kuingia mchuzini ni "borrow" 😄

Mama Zawadi: Hiyo "lent" ndiyo nini?

Dada Rehema: Ni "lend" ya jana. "Lended" hakuna, amwambie na mwenzake. Halafu "borrow" inakwenda na "from", "lend" na "to" ukitaja kitu kwanza: "I lent the book to Asha."

Mama Zawadi: Shikamoo shangazi, ni mimi Zawadi. "The library lent me a book." Ni sawa?

Dada Rehema: Marahaba mama. Sawa kabisa. Sasa anza na "I".

Mama Zawadi: I borrowed a book from the library.

Dada Rehema: Hapo hapo! Kesho mwonyeshe mwalimu zote mbili.