Zimamoto kama ajira ya kudumu: Jeshi, KIA, hifadhini au kampuni binafsi?

Kijana_wa_Majengo (Moshi):
Wakubwa shikamooni, wenzangu mambo vipi. Nina miaka 24, kidato cha nne, cheti cha udereva cha VETA na leseni ya magari makubwa, daraja E. Nataka kazi ya zimamoto iwe ndiyo ajira yangu, sitaki kibarua. Naona njia nne: Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, faya ya uwanja wa ndege KIA, hifadhini maana Mlima Kilimanjaro umeshaungua zaidi ya mara moja, au kampuni binafsi na viwanda. Ipi ina maslahi na ipi ina usumbufu? Mama anataka nirudi kwenye Fuso.

MzeeWaKisongo (Arusha):
Marahaba kijana. Kwanza punguza hesabu, njia zako ni tatu. Wale unaowaona KIA na magari makubwa ya povu ni askari wa Jeshi hilohilo, chini ya Wizara ya Mambo ya Ndani. Huombi KIA. Unaomba Jeshi, unapita mafunzo, halafu unapangiwa. Unaweza kupangiwa KIA, unaweza kupangiwa Mpanda, na hakuna atakayekuuliza kama unamkumbuka mama yako.

Zamani ilikuwa tofauti. Zimamoto ilikuwa mali ya halmashauri, ndiyo maana wazee wa hapa bado wanasema "faya ya manispaa". Sheria ya mwaka 2007 ndiyo iliyoleta jeshi moja la nchi nzima.

Kijana_wa_Majengo:
Asante mzee. Kwa hiyo KIA ni bahati tu?

Povu_na_Maji:
Bahati, na uwezo pia. Ila usiitamani kwa sababu ya yale magari. Uwanja wa ndege una masharti ya kimataifa: kengele ikilia, gari la kwanza linatakiwa liwe limefika popote kwenye barabara ya kurukia ndani ya dakika tatu na limeanza kumwaga povu. Kwa hiyo maisha yako ni mazoezi, kukagua gari, kusubiri, mazoezi tena. Kuna watu hawawezi kusubiri, wanachoka roho. Mjini Moshi au Arusha ni kinyume: leo soko, kesho ajali barabarani mtu amebanwa ndani ya gari, keshokutwa mtoto ametumbukia kisimani. Lile neno "Uokoaji" kwenye jina la Jeshi ndilo litakalokula muda wako.

Na jiandae kutukanwa. Kila moto utasikia "wamekuja bila maji". Piga hesabu mwenyewe: gari limebeba lita 5,000, pampu inatoa lita 1,000 kwa dakika, limebaki na dakika tano. Baada ya hapo mnatafuta maji, na mwananchi ameegesha gari lake juu ya bomba la zimamoto. Anayerekodi kwa simu haonyeshi hilo.

Binti_Sakina (Arusha):
Mimi niko upande wa binafsi, niseme ukweli. Nilianza kama mlinzi, nikasomea usalama wa moto, sasa nasimamia mitungi, ving'ora na mazoezi ya kutoka nje kwenye jengo la watu wengi. Nilikotoka, kampuni ambayo siitaji, mshahara ulikuwa unakuja ukipenda wenyewe na mkataba ni wa mwaka mmoja mmoja. Nilipo sasa pana nafuu. Uzuri: nalala nyumbani kwangu Sakina, na hakuna uhamisho. Ubaya: moto halisi siuoni. Moto ukiwaka kazi yangu ni kutoa watu, kupiga 114, namba ya dharura ya zimamoto, na kuwapokea wanaokuja kuuzima. Kaka yangu, kama unataka kushika mpira wa maji, huku utakonda kwa hamu.

Njia_ya_Marangu:
Hifadhini ni kazi nyingine kabisa. Moto wa Oktoba 2020 uliunguza takriban kilomita za mraba 95 za Mlima. Waliouzima ni askari wa TANAPA, shirika la hifadhi za taifa, wanafunzi wa Chuo cha Mweka, wanakijiji, wapagazi, Jeshi la Zimamoto, kila mtu. Gari la faya halipandi kule juu ya kambi ya Mandara. Unatembea, hewa nyepesi, umeshika panga na matawi mabichi, mnakata kinga ya moto na kupiga ndimi. Unadhani umezima, kumbe chini mizizi na mboji bado vinaungua, usiku upepo unaamsha upya. 2022 ukawaka tena upande wa kambi ya Karanga, hukohuko Mlimani.

Lakini askari wa uhifadhi huajiriwi kuzima moto. Umeajiriwa kulinda wanyama na misitu. Moto ni msimu, doria ni mwaka mzima. Ukienda kwa ajili ya moto tu utajuta.

Mbongo_Ughaibuni:
Huku Marekani zaidi ya nusu ya wazima moto ni wa kujitolea, wana kazi zao nyingine. Kwa nini usianze hivyo?

Povu_na_Maji:
Mkuu, dogo ameandika "ajira". Akijitolea, nauli ya daladala atalipiwa na nani?

MzeeWaKisongo:
Nisikilize kijana, kinachoamua hapa ni umri. Matangazo ya Jeshi niliyoyaona yaliwafungia kidato cha nne miaka 25. Kampuni binafsi zitakuchukua hata ukiwa na 35. Kwa hiyo omba Jeshi sasa, hayo mengine yapo. Udereva wako ni turufu, kwa sababu magari yale yanahitaji watu wenye leseni yako na huwa wanatajwa kwenye tangazo. Ukipita, utaenda Chuo cha Chogo, Handeni. Anza kukimbia asubuhi kuanzia leo.

Maombi ni kwenye mfumo wa ajira wa Jeshi lenyewe, bure. Akitokea mtu stendi anasema ana "nafasi mbili za mjomba", mwache na mjomba wake.

Binti_Sakina:
Na michoro mwilini? Huwa wanaikataa.

Kijana_wa_Majengo:
Sina mchoro dada. Nina kovu la mafuta ya chipsi mkononi.

Povu_na_Maji:
Kovu si mchoro. Daktari ataangalia kama mkono unakunjika. Vyeti vyako vikoje?

Kijana_wa_Majengo:
Cha kidato cha nne ninacho. Cha kuzaliwa nina lile tangazo tu la hospitali. Na kwenye kitambulisho cha taifa NIDA wameandika Hassani, shuleni ni Hassan.

MzeeWaKisongo:
Hapo ndipo vijana wengi wanapokwama, si kwenye kukimbia. Jumatatu nenda ofisi ya mkuu wa wilaya, dirisha la RITA, ukashughulikie cheti cha kuzaliwa, kisha NIDA wakuondolee hiyo "i". Usisubiri tangazo la ajira litoke, muda wa kuomba huwa ni mfupi.

Kijana_wa_Majengo:
Sawa mzee. Mama nitamwambia Fuso ipo palepale.