Mashine ya kugandisha na kukausha, kaushio la umeme au friza ya pili? Nataka mboga za mwaka mzima

BintiUsambara (Jumatatu, saa 4 usiku)

Habari zenu wakuu. Nina uamuzi wa kufanya kabla ya Ijumaa, naomba mawazo yenu. Nataka kuanza kuhifadhi mboga nyumbani, karoti, hoho, nyanya na mchicha, ili masika ikija nisihangaike na bei za sokoni. Nimepata mtu wa kuniagizia ile mashine inayogandisha chakula kwanza, halafu inakikausha kikiwa bado barafu. Anasema kinakaa miaka 25. Kuna kaushio la umeme la trei, bei yake haifiki hata robo. Mume wangu yeye anasema tununue friza nyingine yaishe. Waliowahi kutumia, ipi inalipa?

FundiMajokofu_Tandika

Dada, kwa maelezo haya hakuna atakayekujibu sawasawa. Kilo ngapi kwa wiki? Za kula au za kuuza? Upo wapi? Mashine ni ya volti ngapi, na bei gani mpaka mlangoni kwako? Jibu hayo kwanza.

MzeeWaKinyerezi

Mume wako yuko sahihi. Mboga ukiichovya kwenye maji yanayochemka dakika mbili tatu, ukaipoza haraka kwenye maji ya baridi, ukaikamua na kuifunga vizuri, inakaa kwenye friza miezi 8 hadi 12. Mimi na mama watoto tunafanya hivyo miaka mingi. Njegere, maharage mabichi, kisamvu kilichotwangwa. Miaka 25 ya nini? Mtoto aliyezaliwa leo atakuwa anaoa.

Mama Ilham

Shikamoo mzee wangu. Na umeme ukikatika siku mbili?

MzeeWaKinyerezi

Marahaba mwanangu. Friza iliyojaa, usipofungua mlango, inahimili kama siku mbili. Iliyo nusu, siku moja. Na ule mgao wa 2023 umepita, tangu mtambo wa kwanza wa Bwawa la Nyerere uwashwe Februari 2024 hali si ile tena.

Mama Ilham

Kwako Kinyerezi labda, jirani na mitambo. Huku Chanika nguzo ikianguka tunasubiri. Mwezi wa nne nilimwaga samaki na kisamvu cha wiki nzima, nikasema sirudii kutegemea friza peke yake.

BintiUsambara

Samahani kwa kuchelewa. Niko Goba. Ni za kula nyumbani, tuko sita. Mama yangu yupo Lushoto, kila Ijumaa ananipakilia gunia kwenye basi, karoti, hoho, kabichi, na nyingi zinanyauka kabla hatujamaliza, inaniuma kwa sababu najua jasho lake. Bei ya mashine ni mil 9 na laki 4 mpaka mlangoni, inatoka Marekani. Volti sikuuliza.

FundiMajokofu_Tandika

Volti ndilo swali la kwanza dada yangu, kabla hata ya bei. Wenzetu Marekani wanatumia volti 110 hadi 120 na hezi 60, yaani mkondo unarudia mzunguko wake mara 60 kwa sekunde. Sisi volti 230 na hezi 50. Lazima kibati cha nyuma kiandikwe volti 220 hadi 240 na hezi 50. Kampuni inayojulikana zaidi kwa mashine hizi za nyumbani ni Harvest Right ya jimbo la Utah. Muulize agenti wako akutumie picha ya kibati, si ya katalogi.

Sasa jinsi inavyofanya kazi, ili ujue hela yako inaenda wapi. Chakula kinagandishwa mpaka nyuzi 30 hadi 40 chini ya sifuri. Halafu pampu inanyonya hewa yote ndani ya chemba. Shinikizo likishuka chini kabisa, barafu haiyeyuki, inageuka mvuke moja kwa moja, na mvuke huo unakwenda kuganda kwenye kuta za chemba. Trei zinapashwa moto kidogo kidogo kuisukuma barafu iliyobaki. Ndiyo maana karoti inabaki na umbo na rangi yake, na ukiitia maji inarudi kwa dakika chache. Friza ya kawaida haina pampu, kwa hiyo wanaosema unaweza kufanya hivi kwa friza ya ndani wasikudanganye.

Kazi hiyo inachukua saa 20 hadi 40 kwa mzigo mmoja. Mashine ya ukubwa wa kati inakula wastani wa kilowati moja hivi. Piga hesabu ya saa 28: uniti 28. Kwa LUKU (umeme wa kulipia kabla) ya kawaida hiyo ni elfu 10. Na kama nyumba yako ipo kwenye ile bei nafuu ya uniti 75 kwa mwezi, mizigo mitatu imeimaliza kabla hujawasha taa. Pampu ya mafuta inatakiwa kubadilishiwa au kuchujiwa mafuta mara kwa mara, ina kelele usiku kucha, na chumba chenye joto la Februari kinailemea. Usiiweke jikoni.

Mama Ilham

Elfu 10 kwa mboga kiasi gani?

FundiMajokofu_Tandika

Tuseme kilo 4 mbichi. Mchicha ni maji kwa asilimia 90 na zaidi, utatoka na gramu 400 au pungufu. Nyanya ndiyo zaidi, karibu asilimia 95 ni maji. Kilo 4 za nyanya zinarudi gramu 200 na kidogo.

MzeeWaKinyerezi

Elfu 10 ya umeme kukausha mchicha ambao hapa Dar unalimwa mwaka mzima mabondeni na fungu ni mia tano! Mchicha uondoe kwenye orodha binti yangu.

Nesi_wa_Temeke

Hapo kwenye mchicha naomba niseme kitu, ni muhimu. Teknolojia hii sisi hospitalini tunaishi nayo. Chanjo ya surua na ya BCG (ya kifua kikuu) zinakuja zikiwa unga mkavu ndani ya kichupa, zimekaushwa kwa njia hii hii, nesi anachanganya na maji yake maalumu. Tukishachanganya tuna saa 6, zikipita tunatupa hata kama imebaki nusu. Mboga ni hivyo hivyo: ukiirudishia maji imekuwa mbichi, iingie jikoni siku hiyo hiyo.

La pili, watu wanadhani kukausha kunaua vijidudu. Hapana. Maabara wanatumia njia hii kuhifadhi bakteria wakiwa hai. Kwa hiyo mchicha uliomwagiliwa maji machafu, ukiukausha bila kuuosha vizuri na kuuchovya kwenye maji ya moto, umehifadhi na kuhara humo humo. Na kisamvu, tafadhali sana, kitwangwe na kichemshwe kwanza. Majani ya muhogo yana sumu ya sianidi, na baridi haiitoi.

MgogoWaKibamba

Nawasoma tu nashangaa. Mil 9 kukausha mboga? Kwetu Dodoma bibi zetu wanakausha mlenda, majani ya kunde na ya maboga kwa jua, yanasagwa, yanakaa msimu hadi msimu. Wasukuma wana michembe na matobolwa ya viazi vitamu. Wamakonde wanakausha muhogo makopa. Hakuna LUKU wala pampu. Dada nunua nyavu safi, tengeneza kaushio la jua la mbao na nailoni, SIDO (shirika la viwanda vidogo) wanayajua, hela inayobaki mpelekee mama Lushoto.

Nesi_wa_Temeke

Kaka, jua la moja kwa moja linaharibu vitamini A na C kwa kiasi kikubwa. Ukikausha kwa jua basi kuwe na kivuli juu.

MgogoWaKibamba

Bibi yangu amefika miaka 90 na mlenda wa jua.

Nesi_wa_Temeke

Mungu amzidishie. Bado vitamini inapotea, na kwa mtoto wa miaka miwili hilo lina maana.

BwanaShamba_Kibaha

Mnabishania vitamini na mnaacha jambo lenyewe. Dodoma si Dar. Kule kuanzia mwezi wa tano hadi wa kumi na moja hewa ni kavu, ukianika asubuhi jioni inakatika. Hapa pwani unyevu wa hewa ni mkubwa karibu mwaka mzima. Nyanya ukianika Aprili zinaota ukungu siku ya pili. Jua la Dar linafaa Juni hadi Septemba, na kidogo Januari na Februari upepo wa kaskazi ukivuma. Na hili halihusu jua peke yake. Chakula kilichokaushwa kwa kugandishwa kimejaa matundu madogo kama sponji, kinavuta unyevu wa hewani ndani ya dakika chache. Ukitoa trei ukaenda kupokea simu, umeanza kupoteza kazi ya saa 30. Kwa mtu wa Dar, kufunga ndiko kwenye kazi kubwa kuliko mashine yenyewe.

Mwanakikoba_Tegeta

Nilikuwa nasoma bila kuandika, lakini bwana shamba amenigusa. Naomba nieleze yaliyotupata ili dada asipite njia hiyo.

Tulikuwa wanawake sita wa kikoba kimoja, tukachanga tukaagiza mashine. Aliyetuagizia simtaji. Alituhakikishia inaendana na umeme wetu. Ilipofika ikawa ya volti 110. Fundi wa mtaani akatufungia transfoma. Mizigo minne ya kwanza, hoho na vitunguu, ilitoka vizuri mpaka tukapigiana vigelegele. Tukafunga kwenye mifuko ya alumini na vile vipakiti vya kufyonza oksijeni.

Mzigo wa tano ulikuwa karoti, tulizikata vipande vinene kwa haraka. Pampu ilikuwa inachemka kuliko kawaida. Saa ya 19 umeme ukakatika, ukarudi baada ya saa tatu. Tulipofungua, vipande vya juu vilikuwa vinavunjika kama biskuti, tukaamini vyote viko hivyo. Tukawasha saa sita nyingine, tukafunga. Hatukupima uzito, hatukuvunja hata kipande kimoja kinene tukagusa katikati. Tuliendelea hivyo mizigo miwili zaidi, na tulikuwa tunafungia barazani, jioni, hewa ya bahari inapiga.

Wiki ya saba mwenzetu akafungua mfuko apikie wageni. Karoti zimelainika, harufu ya kuchacha. Tukafungua wa pili, hivyo hivyo. Wa tatu ulikuwa hauna harufu yoyote, na huo ndio ulioniogopesha. Nilimuuliza daktari tunayemfahamu akasema chakula chenye unyevu kikifungwa bila oksijeni, ndipo kijidudu cha botulini kinapopata nafasi, na sumu yake huijui kwa harufu wala kwa macho. Tulimwaga mifuko 41, yote. Mwenzetu mmoja alikuwa ametoa hela ya ada ya mwanawe kwenye ule mchango. Tulikaa kwenye mkeka na kulia. Mpaka leo mashine ipo stoo na wawili hawasalimiani.

FundiMajokofu_Tandika

Pole sana dada. Transfoma inashusha volti, haibadilishi hezi. Mota ya hezi 60 ukiipa 50 inazunguka taratibu na inachemka. Pampu yenu haikuwa inafikia shinikizo linalotakiwa, ndiyo chanzo.

BwanaShamba_Kibaha

Naongeza kwa faida ya wote. Kata vipande visizidi sentimita moja. Mashine ikimaliza, pima trei kwa mizani ya jikoni, rudisha saa mbili, pima tena. Uzito ukishuka bado kuna maji. Fungia chumba chenye kiyoyozi, mifuko na vipakiti viwe tayari mezani kabla hujafungua mlango. Vile vipakiti ni unga wa chuma, vikikaa wazi vinajimaliza. Na msikaushe chenye mafuta: kisamvu cha nazi, mboga ya karanga, mafuta yake hayakauki, yanachacha hata kama maji yametoka. Nazi itiwe siku ya kupika.

Mama Ilham

Mwanakikoba, pole mwaya. Hiyo mashine ya stoo mnaiuza?

Mwanakikoba_Tegeta

Siwezi kumuuzia mtu kitu kilichotuumiza bila kukitengeneza kwanza. Fundi, inatengenezeka?

FundiMajokofu_Tandika

Inategemea hali ya pampu. Pampu ya volti 230 inaweza kutafutwa, lakini kompresa ya kugandishia nayo ni ya 110. Piga picha vibati vyote viwili uweke hapa.

BintiUsambara

Mwanakikoba nimesoma mara mbili, nimesisimka. Ngoja niwe mkweli. Mil 4 katika hizo ni mkopo. Na nilikuwa na wazo la kuuza kidogo, nina dada yangu Muscat na wenzake wanatamani mboga za nyumbani. Kaushio la umeme la trei kwa karoti na hoho lingetosha?

MzeeWaKinyerezi

Kumbe ni biashara na mkopo, na wewe ulisema za kula nyumbani.

BwanaShamba_Kibaha

Kuuza kuna TBS (Shirika la Viwango), ndio wanaosimamia chakula tangu 2019, na jiko lako litakaguliwa. Kaushio la trei kwa karoti na hoho linafaa sana, nyuzi 55 hadi 60, saa 8 hadi 12. Zitasinyaa, rangi itafifia, zinahitaji kulowekwa muda mrefu zaidi, na hesabu mwaka mmoja, si 25. Kwa familia ya sita inayopokea gunia kila Ijumaa, mwaka mmoja si unatosha?

Nesi_wa_Temeke

Kwa kula nyumbani mimi ningeanza na hilo. Kwa mzigo wa Muscat, wepesi na rangi vina thamani, hapo mashine kubwa ina hoja yake. Ila si kwa mkopo wa kwanza.

MgogoWaKibamba

Jua.

Mama Ilham

Mgogo, ule mlenda mkavu wa kusaga hapa Dar naupata wapi? Mama mkwe ananiuliza tangu Idi.

MgogoWaKibamba

Shemeji yangu anashusha Mabibo kila wiki ya pili. Upo na wa kunde. Niandikie pembeni, nitakuwekea kilo moja.

MzeeWaKinyerezi

Na mimi nusu kilo.

BintiUsambara

Agenti kaniambia kontena limesogezwa mpaka Jumatano ijayo, kwa hiyo nina siku chache zaidi. Mume wangu ameusoma mjadala wote, amenyamaza tu. Mama kanipigia, Ijumaa hii kuna magunia mawili.

FundiMajokofu_Tandika

Volti amejibu?

BintiUsambara

Anasema atauliza.