Mtandao wa nyumbani Bel-Air: acheni kutuambia tuzime ruta, kosa liko kwenu

Wakubwa na wadogo wa Lubumbashi, naandika nikiwa na hasira na sitaificha. Kampuni inayoniletea intaneti nyumbani sitaitaja jina, wateja wake watajitambua: antena nyeupe juu ya bati, kebo inateremka ukutani, kisanduku kidogo cha umeme chini ya meza. Kila mwezi wanachukua dola zetu kabla hawajatoa hata mega moja. Ukichelewa kulipa siku moja, wanakata. Mtandao ukifa upande wao, mwezi unaendelea kuhesabika, na ukipiga simu unajibiwa: "Papa, zima ruta, ngoja dakika moja, washa tena."

Nimezima, nimewasha. Bibi yangu amezima, watoto wamewasha. Ruta haina ugonjwa, na sasa naweza kuonyesha kwa namba kwamba haina.

Kwanza mjue kwa nini jambo hili linaniuma hivi. Mimi ni deklaranti, kazi yangu ni karatasi za magari yanayopita Kasumbalesa. Siku hizi huwezi kupitisha mzigo bila Sydonia ya DGDA, yaani mfumo wa kompyuta wa forodha, na Sydonia inataka mtandao usiokatika. Ukikatika katikati ya kujaza, unaanza upya. Gari linasimama mpakani, parkingi inahesabiwa, dereva anataka falanga ya kula, na mwenye mzigo ananipigia mimi, hapigii kampuni ya intaneti. Jina linaloharibika ni langu. Usiku binti yangu anayesoma UNILU, Chuo Kikuu cha Lubumbashi, anataka kushusha masomo yake na hawezi, anasubiri mpaka alfajiri wakati wenzake wamelala. Halafu mtu wa huduma ananiuliza kama nimejaribu kusogea karibu na ruta!

Hawa watu hawapimi. Wanakisia, na kila wanapokisia mteja ndiye anayetoa pesa. Walisema ruta imezeeka, nikanunua mpya. Wakasema kuta za nyumba ni nene. Baadaye ikawa mvua, na mvua ilipoisha ikawa kebo ya baharini. Kila anayepokea simu ana sababu yake, na hakuna hata mmoja aliyekuja lupangoni, uani kwangu, na kompyuta akachomeka kebo akatazama. Fundi anakuja na simu yake ya mkononi, anafungua ukurasa wa kupima spidi kwa Wi-Fi saa nne asubuhi, namba inatoka nzuri, anasema "iko sawa" na anaondoka. Bila shaka iko sawa saa nne asubuhi! Watu wako kazini na shuleni.

Basi nimepima mwenyewe, na naeleza namna kwa sababu kila mtu anaweza kufanya hivi na wao hawatapenda mjue.

Ondoa Wi-Fi kwenye hesabu. Chomeka kompyuta kwenye ruta kwa kebo, maana ukipima kwa Wi-Fi watakuambia ni kuta, ni jirani, ni mikrowevu, na hutakuwa na la kujibu. Fungua madirisha matatu ya amri ya ping, ile inayouliza mashine na kuhesabu inachukua muda gani kujibu, yaendelee pamoja. La kwanza liulize ruta yako, mara nyingi ni 192.168.1.1 au 192.168.0.1. La pili liulize mlango wa kwanza wa kampuni, yaani mashine yao ya upande wa pili wa antena. Anwani yake utaipata kwa tracert, amri inayoonyesha mashine ambazo ujumbe unapitia: ni ile inayokuja mara baada ya vifaa vya nyumbani kwako. La tatu liulize 8.8.8.8, mashine ya Google, huko nje. Sasa tazama ni wapi kunaharibika. Dirisha la ruta likichelewa, kosa ni la nyumbani. Ruta ikijibu vizuri na mlango wa kampuni ukisuasua, kosa liko kati ya bati lako na mnara wao, au kwenye mnara wenyewe. Hayo mawili yakiwa mazuri na la tatu peke yake likawa baya, hapo ndipo uanze kusikiliza habari za bahari.

Kwangu ruta inajibu kwa milisekunde 1, asubuhi, mchana na usiku. Mlango wa kampuni alfajiri unajibu kwa milisekunde 10 hivi, safi kabisa. Ikifika saa moja ya usiku, watu wamerudi, bukari imeiva, kila nyumba imewasha televisheni na simu, mlango ule ule unajibu kwa 400, mara 600, na majibu mengine hayarudi kabisa. Nguvu ya mawimbi kwenye ukurasa wa antena haibadiliki: alfajiri -58 dBm, usiku -58 dBm. Antena haijageuka, mti haujaota katikati, bati halijahama. Kilichobadilika ni wingi wa watu juu ya mnara.

Sekta moja ya mnara, yaani antena inayotazama upande mmoja, inahudumia nyumba zote zinazoitazama, na kila antena inangoja zamu yake ya kusema. Chukua mfano: sekta yenye uwezo wa mega 100 ikiuziwa nyumba 60, kila nyumba kifurushi cha mega 10, kwenye karatasi mmeuza mega 600. Najua kila kampuni inauza zaidi ya ilicho nacho, kwa kuwa si wote wanatumia kwa wakati mmoja, na kwa kiasi hilo halina ubaya. Ubaya ni kuendelea kupachika antena mpya kwenye mabati ya Bel-Air huku mkiona kila usiku kwamba sekta imejaa. Mashine zenu zinaonyesha. Mnaona kabla yetu. Na bado mnatuma vijana wenye vipeperushi waandikishe watu barabara hiyo hiyo.

Halafu kuna mvua, na hapa ndipo niliposhikwa na hasira ya kweli, kwa sababu walinidanganya machoni. "Papa, ni mvua, mawimbi hayapiti." Antena zao zinatumia masafa ya gigahezi 5. Mvua inasumbua mawimbi ya juu zaidi, kuanzia gigahezi 10 hivi na kupanda, kama yale ya setilaiti. Kwa gigahezi 5 na mnara ulio umbali wa kilomita mbili, hata mvua kubwa ya Januari haifanyi kitu cha kuonekana. Tena angalieni wenyewe: kwangu mtandao haukurudi mvua ilipokatika. Ulirudi kesho yake mchana, jua lilipochoma bati. Mawimbi hayangoji kukauka. Kinachokauka ni maji yaliyoingia mahali.

Nilimlazimisha fundi apande. Kijana hana kosa, anafungia anachopewa na stoo, na nilimwambia hivyo. Kebo waliyonifungia juu ya paa ni ya kijivu, ya ndani ya ofisi. Jua la kwetu limeila ganda lake likapasuka kama kisigino cha kiangazi, unaona nyaya za rangi ndani. Pale inapoingia kwenye antena hakuna utepe wa kuzuia maji, na kebo imeshuka moja kwa moja bila kuachiwa kitanzi ili matone yadondokee chini kabla ya kufika kwenye tundu. Alipochomoa kichwa cha kebo, maji yalimdondokea mkononi. Vile vimeno vya shaba vilikuwa kijani. Na kwenye ukurasa wa antena, mahali pa LAN, yaani spidi ya kebo, panapotakiwa kuonyesha 100, palikuwa pameandikwa 10. Hiyo ni kebo iliyooza ikijitahidi kupitisha kitu, na ingeonekana siku yoyote kwa mtu wa ofisini anayefungua ukurasa ule kutoka kiti chake. Hakufungua mtu.

Kebo ikabadilishwa, safari hii nyeusi, ya nje. Kisha wakaniletea fakitire ya kebo! Nilipe mimi kwa sababu wao walifunga kebo ya ofisini juu ya paa la Katanga. Sijalipa na sitalipa.

Nanyi mlioko juu ya mabati yenu, kagueni rangi ya kebo leo. Kama ni ya kijivu au ya buluu na haina maandishi ya kwamba ni ya nje, dai ibadilishwe kabla mvua hazijakolea, na waulize kuhusu waya wa ardhini pia, maana radi za hapa zinapita kwenye kebo hiyo hiyo mpaka kwenye kompyuta ya mtoto.

Delestaji, yaani kukatwa umeme kwa zamu, nitaisema kwa ufupi. Nyumbani nina paneli na betri, ruta haizimiki. Lakini umeme ukikatika kartie (mtaa) ya mnara, baada ya muda antena yangu inabaki inatafuta mtu wa kuongea naye na hapati, kwa sababu betri za mnara zimechoka na jenereta haikuwashwa. Sitaki kusikia kwamba umeme ni tatizo la nchi. Mimi mteja nimenunua betri yangu kwa jasho langu. Ninyi mnaouza huduma mnashindwaje kununua za kwenu?

Sasa kebo ya baharini. Naiheshimu sababu hii inapokuwa kweli. Agosti 2023 maporomoko kwenye korongo la bahari mbele ya mdomo wa mto Congo yalikata kebo za WACS na SAT-3. Tarehe 14 Machi 2024 zikakatika nne kwa mpigo karibu na Abidjan, WACS ikiwemo. Tulisikia, tukavumilia, hakuna aliyetukana mtu. Lakini kunitajia bahari wakati mlango wenu wa kwanza, ulio ndani ya mji huu, unachukua milisekunde 600 kunijibu, huko ni kunichezea akili. Kutoka hapa mpaka Muanda, WACS inapotokea majini, ni zaidi ya kilomita 1,500. Ujumbe wangu haujatoka hata Kampemba, komuni yetu hapa mjini.

Na lile la "mega" pia liishe. Mteja akisema anashusha kwa 1.2, wanamcheka kwamba hajui kusoma. Mega 10 za kifurushi ni biti, kompyuta inapokushushia faili inahesabu kwa baiti, na baiti moja ni biti 8. Kwa hiyo mega 10 kamili ni 1.25 kwenye faili. Mfundisheni mteja hilo siku ya kusaini, msilitunze kama silaha ya kumnyamazisha siku anayolalamika akiwa na 0.1.

Kuna ndugu watakaoniambia ninunue Starlink, intaneti ya setilaiti, niachane nao. Nalijua hilo. Machi 2024 ARPTC, msimamizi wa mawasiliano nchini, iliipiga marufuku, Mei 2025 ikapewa ruhusa, na anayeweza aende, simzuii. Ila siyo kila nyumba ya Bel-Air, ya Katuba au ya Ruashi ina dola za kununua sahani nyingine baada ya kununua antena ya hawa. Na hata nikihama leo, pesa waliyokula kwa usiku wote ambao hawakunipa huduma inabaki kwao. Hiyo ndiyo naidai.

Naidai hivi. Kila simu ya malalamiko ipewe namba, na namba hiyo itumwe kwa mteja papo hapo, kwa sababu sasa kila ukipiga unaanza hadithi upya kwa mtu mpya. Fundi akija apime kwa kebo, na apime usiku, saa ambayo mteja analalamikia. Sekta iliyojaa isifungiwe nyumba nyingine mpaka iongezwe. Siku ambazo huduma haikuwepo zirudishwe kwenye abonema, malipo ya mwezi, bila mteja kupiga magoti. Na fakitire za kebo mlizoharibu ninyi mzichane.

Barua yangu kwao nimeiandika nakala mbili, na ya kwangu wameipiga muhuri wa kupokea. Wakinyamaza, nakala inaenda ARPTC pamoja na picha za kebo na za madirisha ya ping zenye saa na tarehe. Barua ya mtu mmoja wataiita ugomvi wa mtu mmoja. Zikiwa za lupango baada ya lupango, zote zikionyesha mnara ule ule umejaa saa ile ile, itabidi watafute jibu lingine.

Kwa hiyo mlioko Bel-Air, Kigoma na jirani zake mnaotumia antena za hawa, wekeni hapa chini: kartie, saa mliyopima, majibu ya ruta, majibu ya mlango wa kwanza wa kampuni, na nguvu ya mawimbi kama mnaweza kuiona. Pimeni alfajiri na pimeni saa mbili za usiku, kwa kebo. Asiyejua kufungua ping aseme anatumia kompyuta gani, nitamwandikia amri yenyewe ya kunakili. Majina na namba za mkataba msiweke hadharani. Nitazikusanya namba zote kwenye karatasi moja na kuiambatanisha na barua.