Ushauri: Land Rover ya marehemu baba, niiuze dola ngapi?

Mwana_Kamalondo: Jambo yenu wote. Nina Land Rover Series III ya mwaka 1976, ya marehemu baba. Nimeitengeneza miaka miwili hapa Lubumbashi: injini ilifunguliwa yote, springi mpya, rangi mpya. Milango na mabati ya juu ya tairi za mbele nimebadilisha, yalikuwa yameoza. Sasa nataka kuiuza. Niombe dola ngapi? Usingizi hauji.

Mama_wa_Kenya: Mwanangu, kitu cha baba hakiuzwi. Mume wangu aliuza Peugeot 404 ya baba mkwe, pesa haikumaliza mwezi. Watoto wanaiona mpaka leo ikipita pale soko la Kenya, mtaa wetu hapa Lubumbashi, imepakia makala (mkaa). Wanainyooshea kidole.

Yaya_Likasi: Siku hizi watu wanataka Toyota. Uza haraka, usichague bei.

Fundi_Katuba: Mabati mapya ni aliminiamu au chuma? Na mnunuzi umeshampata? Kama huna mnunuzi, mbona usingizi hauji?

Mwana_Kamalondo: Chuma. Fundi aliyakata kwenye mapipa ya mafuta, akayagonga hadi yakakaa sawasawa. Mnunuzi yupo.

Fundi_Katuba: Anajua?

Mwana_Kamalondo: Aliuliza kama bodi ni ileile ya kiwandani, nikasema ndiyo. Ameshanipa avansi (malipo ya kwanza) ya dola 1,500, nimelipia minevali (ada ya shule) ya watoto. Lakini kazi ni safi, fundi. Alikagua mwenyewe, hakuona kitu. Lazima nimhesabie kila bati?

Mama_wa_Kenya: Minevali ya pesa ya uongo! Watoto watasoma nini hapo?

Kijana_Kampemba: Hii hadithi imetungwa. Bodi ya Land Rover ni aliminiamu, haishiki kutu. Ilioza vipi? Tunapotezewa muda.

Yaya_Likasi: Kweli! Hata mimi nilishangaa.

Mwana_Kamalondo: Sijatunga. Fremu ya ndani ya mlango ni chuma. Pale aliminiamu inapogusana na chuma, maji ya mvua yakikaa, inaliwa na kugeuka unga mweupe. Nilibonyeza pembe ya chini ya mlango wa dereva, kidole kikapita upande wa pili, unga ukamwagika kama wa bukari (ugali). Juu, baba alipozoea kuegemeza kiwiko, palikuwa pazima.

Fundi_Katuba: Anasema kweli, nimeona mingi ya hivyo. Ndiyo maana wanaozijua huja na sumaku. Kwenye mlango wa kiwandani inanasa penye fremu, bati lenyewe inaliacha. Kwa yako itanasa kila mahali, na huyo mtu atakumbuka kwamba ulimjibu "ndiyo". Tena chuma chako kimefungwa kwenye aliminiamu ya zamani, mvua za Desemba zitaanza kula upya. Ndugu yangu, mpigie leo, mpunguzie bei. Milango ya zamani uliitupa?

Kijana_Kampemba: Kama ipo, weka picha.

Mwana_Kamalondo: Ipo nyuma ya nyumba, kuku wanalala chini yake. Picha nitaweka kukikucha.

Mwana_Kamalondo: Nimempigia. Nimemweleza yote, hata mapipa. Alinyamaza mpaka nikadhani simu imekatika. Kisha akauliza kama milango ya zamani bado ina bawaba zake. Nimetoka na tochi, nimeangalia: zote nne zipo. Anakuja Jumamosi asubuhi.