Mchezaji akitukanwa na shabiki, avumilie hadi wapi?

Wadau, juzi nilikaa karibu na kibendera cha kona. Jamaa nyuma yangu alimtukania winga mama yake kipindi kizima. Winga alipokuja kupiga kona akamwonesha ishara chafu: nyekundu moja kwa moja! Jamaa akabaki kitini anacheka. Haki iko wapi hapo?

Jibu 1
Avumilie, ndiyo kazi yake. Januari 1995 Cantona, mshambuliaji wa Manchester United, alimrukia shabiki wa Crystal Palace kwa teke, akafungiwa hadi mwisho wa Septemba, na mahakama ikampa saa 120 za kazi za jamii. Ila wengi husahau kwamba shabiki naye alitiwa hatiani kwa maneno ya vitisho.

Jibu 2
Hasira hazina macho. NBA, ligi ya kikapu ya Marekani, 2004: mchezaji Ron Artest alirushiwa kikombe cha kinywaji, akapanda jukwaani na kumvamia mtu ambaye wala hakurusha kitu! Msimu wake ukaishia pale. Winga wako angemwita mwamuzi.

Muulizaji
Amwite amwambie nini? Ingekuwa ubaguzi wa rangi, sawa, FIFA ina hatua tatu: mechi inasimamishwa, timu zinatolewa uwanjani, mwisho mechi inavunjwa. Tusi la mama je? Na mlinzi alikuwa hatua chache tu kutoka kwetu, anatazama mpira.

Jibu 3
Huyo mlinzi ndiye wa kuulizwa. Kazi yake ni kuupa mpira mgongo atazame watu. Tena namba ya kiti unayo, iripoti klabuni.