Waliniuliza nataka gari lishuke kiasi gani, hakuna aliyeniuliza litabaki na nini

Wakuu, leo naandika nikiwa nimevurugwa, kwa hiyo nikirukaruka mnivumilie. Nina Toyota GT86, sasipensheni ya mbele ni MacPherson (shokapu yenyewe ndiyo inalishika gurudumu kwa juu), ya nyuma ni ya mikono miwili (mmoja juu, mmoja chini). Gari halikuwa na tatizo lolote. Tatizo lilikuwa langu: lile pengo kati ya tairi na fenda. Ngumi nzima ilikuwa inapita pale, na kila nikiegesha nageuka kulitazama kama mtu aliyeona doa kwenye shati jeupe. Nikaamua kufunga koilova, yaani shokapu zilizovikwa springi ambazo kimo chake unakirekebisha mwenyewe.

Nikaenda kwa muuzaji. Swali la kwanza: "Unataka lishuke kiasi gani?" Swali la pili: "Springi za rangi gani?" La tatu halikuwepo. Hakuuliza naendesha barabara za aina gani, nabeba nani, tairi zangu ni saizi gani, wala kama gari linakwenda uwanja wa mbio au kazini na kurudi. Nikajibu milimita 50, nyekundu. Nikatoka pale kichwa kimevimba.

Wiki ya kwanza ilikuwa ya kupiga picha. Wiki ya pili nikaanza kusikia kishindo. Kwenye mashimo makubwa nisingelalamika, pale mtu hategemei huruma. Nasema vile vinundu vya lami ambavyo zamani sikujua hata kama vipo. Gari linapiga dhuu, uti wa mgongo unapokea, abiria ananitazama na hasemi kitu. Bora hata angesema.

Nikarudi. "Kaka, hiki ni kitu cha spoti, lazima kiwe kigumu." Sawa. Nikarudi tena. "Zungusha kitasa, una kliki 32 pale, unachagua mwenyewe." Nikazungusha mpaka mwisho wa laini. Kishindo kilekile. Hapo ndipo nilipaswa kushtuka, kwa sababu kitasa kinabadilisha ukinzani wa mafuta yanayopita kwenye pistoni, na nilichokuwa nakisikia hakikuwa mafuta. Ilikuwa bampustopu, kile kipande cha mpira kwenye rodi ambacho kazi yake ni kulipokea gari shokapu inapokaribia mwisho wa safari yake. Gari likishakaa juu ya huo mpira, kitasa zungusha mpaka kidole kiote sugu.

Nikajipimia mwenyewe. Chukua kamba ya plastiki ya kufungia nyaya, ifunge kwenye rodi ya shokapu ikiwa imebana kiasi, isukume mpaka ikae juu ya mwili wa shokapu, kisha endesha. Shokapu ikibonyea, kamba inapandishwa na inabaki palepale ilipofikishwa. Mimi sikumaliza hata barabara ya kutokea nyumbani. Nilipotazama, kamba ilikuwa imekwenda kubusu bampustopu. Nikapima umbali uliobaki gari likiwa limesimama chini kwa uzito wake: milimita 18. Milimita kumi na nane, wakuu. Huo ndio upana wa kidole gumba. Kwa hicho kidole gumba nilitakiwa nipite barabarani, nifunge breki na nikate kona.

Sasa njooni kwenye kilichonitia hasira zaidi. Koilova zangu ni zile zenye marekebisho mawili. Kuna ringi ya juu inayobeba springi, na kuna mguu wa chini unaofungwa kwenye kitovu cha gurudumu, nao unazunguka kwenye uzi wake na kufungwa kwa ringi nyingine. Ukitaka kushusha gari, unaingiza mwili wa shokapu ndani ya ule mguu. Shokapu nzima inakuwa fupi, lakini rodi inabaki na safari yake ileile. Fundi aliyenifungia hakugusa mguu. Alichukua ile spana ya umbo la mundu akateremsha ringi ya springi mpaka gari likafika chini alipopataka. Kwa njia hiyo kila milimita unayoshusha unaikata kwenye safari ya kubonyea. Gari lilishuka kwa kula akiba yake lenyewe. Isitoshe, ukilinyanyua kwa jeki springi inabaki inacheza, unaweza kuizungusha kwa mkono. Ule mlio wa chaka-chaka kila nikitoka kwenye tuta ulikuwa springi inatafuta pa kukaa.

Zipo koilova zenye ringi ya springi peke yake, na zipo nzuri sana za aina hiyo, lakini hizo mtengenezaji amezipangia kiwango maalumu cha kushuka na amekiandika. Ukikivuka umeyataka mwenyewe. Na hata hizi za mguu si leseni ya kushusha mpaka chini kabisa: shokapu itabaki na safari, ila tairi itaanza kulamba plastiki ya ndani ya fenda. Ukomo upo, umehamia pengine tu.

(Na mtu asije kuniambia nikaze ringi ya springi ili iwe ngumu. Springi ya kawaida ya kilo 8 kwa milimita, kama zangu za mbele, yaani kila kilo 8 zinaibonyeza milimita moja, ni ya kilo 8 kwa milimita, uikandamize kidogo au sana wakati wa kufunga. Ukiibebesha kilo 290 itabonyea milimita 36 na ushei. Ukiikandamiza milimita 10 kabla, gari linakaa milimita 10 juu zaidi, basi. Ugumu haukuongezeka hata chembe.)

Tukija kwenye hizo kilo 8 ndipo nilipogundua kwamba muuzaji alikuwa anauza namba kama mtu anavyouza viatu. Jamaa yangu ana Mazda MX-5, alipewa springi za ugumu uleule kama zangu za mbele. Tulipolinganisha, gari lake linaendesheka, langu ni toroli. Muuzaji anasema "namba ni zilezile, tatizo ni wewe kutozoea." Hapana. Namba ya springi si namba inayofika kwenye gurudumu. Fikiria unasukuma mlango: ukisukuma kwenye kitasa ni mwepesi, ukisukuma karibu na bawaba unatoa jasho. Kwenye MacPherson shokapu imefungwa karibu kabisa na gurudumu, kwa hiyo springi inaenda karibu sawa na gurudumu linavyoenda. Kwenye mikono miwili, kama MX-5, shokapu inakaa ndani zaidi kwenye mkono, gurudumu likipanda milimita 10 springi inabonyea, tuseme, milimita 7. Na huo uwiano unazidishwa kwa wenyewe: 0.7 mara 0.7 ni 0.49. Springi ya kilo 8 pale inahisiwa na gurudumu kama kilo 4 hivi. Mimi kwangu 0.95 mara 0.95 ni 0.9, nabaki na kilo 7 na zaidi. Springi moja, rangi moja, na mimi nina karibu mara mbili ya ugumu wake.

Ukitaka kujua hilo lina maana gani kiunoni, piga hesabu ya mtikisiko: ugumu wa kwenye gurudumu (kilo kwa milimita zidisha kwa 9,810 zigeuke nyutoni kwa mita) gawanya kwa uzito unaobebwa na springi pembe hiyo, tafuta kipeuo cha pili, gawanya kwa 6.28. Gari langu lina takriban kilo 1,240, na mbele kila upande springi inabeba kama kilo 290 ukishatoa uzito wa gurudumu na breki. Nikapata karibu mitikisiko 2.5 kwa sekunde. Magari ya kawaida ya familia hukaa kati ya 1 na 1.5, ya spoti ya barabarani huishia karibu na 2. Hiyo 2.5 ni ya watu wanaovaa helmeti. Hesabu yenyewe ni dakika tano na kalamu. Muuzaji wa shokapu hakuijua, na mimi niliyekuwa natoa pesa nikaona aibu kuuliza.

Kuhusu kliki 32. Kwangu kliki 12 za kwanza nilizungusha nikidhani kitasa kimekufa. Kitasa kimoja cha aina hii mara nyingi kinagusa zaidi upande wa shokapu kurudi kuliko upande wa kubonyea, kwa hiyo ukikikaza sana kwenye barabara yenye matuta madogo mfululizo, springi haiwahi kurudi kabla ya tuta linalofuata na gari linazidi kujishusha lenyewe. Angalieni kampuni zinazojua kazi zinavyofanya. Bilstein B14 haina kitasa kabisa, unarekebisha urefu tu. B16 ndiyo yenye kitasa, nafasi 10. KW Variant 1 ni urefu tu, Variant 2 inaongeza kitasa cha kurudi, Variant 3 vyote viwili, kurudi na kubonyea. Sisemi mkanunue hizo, sipati kitu. Nasema kampuni inayokuuzia shokapu isiyo na kitasa inakuambia kwamba ilikaa na gari, springi na mafuta ikavioanisha. Mwenye kliki 32 asiyeweza kukuonyesha grafu ya shokapu yake mashineni anakukabidhi wewe kazi ambayo yeye hakuifanya.

Halafu jiometria, ambayo kwenye duka lile naamini ni jina la ugonjwa. Mkono wa chini wa MacPherson gari likiwa la kiwandani unaanguka kidogo kuelekea gurudumuni. Shusha milimita 50 unapinduka, unapanda. Gari zima linashuka, lakini ile nukta ambayo bodi linalalia kwenye kona inashuka zaidi kuliko kitovu cha uzito wa gari, na wenzo kati ya hivyo viwili unarefuka. Maana yake gari lililoshushwa linataka kulala zaidi kwenye kona, kwa springi ileile. Ndiyo maana wanakuwekea springi za chuma cha reli: wanaficha kosa walilolitengeneza wao. Tairodi, ile rodi ya usukani inayogeuza gurudumu, nayo imebadilika pembe, kwa hiyo katikati ya kona ukikuta kinundu, usukani unajivuta bila kuulizwa. Ilinitokea mvua inanyesha. Sitaki kuieleza.

Tairi za mbele zimeliwa ndani, nje bado mpya. Kila mtu ananiambia ni kemba, yaani gurudumu kulalia ndani kwa juu. Kemba inachangia, lakini kinachosaga mpira haraka hivyo ni magurudumu kutotazama mbele sawasawa, na ukishusha gari uelekeo wa magurudumu lazima ubadilike. Nilimuuliza fundi kama alipima alaimenti baada ya kufunga. "Mbona linanyooka tu?" Linanyooka! Nyoka pia anafika anakokwenda.

Na hili la mwisho ndilo lililonifanya nifungue uzi huu badala ya kulala. Bushi za mpira, vile viungo vya mpira kwenye mikono ya sasipensheni, fundi alizikaza gari likiwa juu, magurudumu yananing'inia. Bushi ya aina hiyo ikishakazwa imeshikwa ndani na nje, mpira unajipinda gari likitembea. Ukiikaza ikiwa inaning'inia, siku unayolishusha chini tayari umeipinda, inakaa imepinda usiku na mchana. Mbili za nyuma zimeanza kuchanika. Bolti zinalegezwa, gari linawekwa lisimame kwa uzito wake, ndipo unakaza. Anayeitwa fundi wa sasipensheni hajui hilo?

Wapo walioniandikia faragha kwamba kosa ni langu, nilitaka koilova za bei rahisi. Jamani, fundi yuleyule angenifungia hata Öhlins, zile za bei ghali, angeteremsha ringi ileile kwa spana ileile.

NAONGEZA: Nimeshinda chini ya gari tangu asubuhi. Ringi za springi nimezipandisha milimita 30 mpaka zikaigusa springi bila kuikandamiza, kisha nikazamisha miguu ya chini. Safari ya kubonyea mbele imetoka 18 ikafika 48. Gari sasa limeshuka 35 kutoka kimo cha kiwandani, si 50 tena. Bushi nimelegeza na kukaza upya magurudumu yakiwa juu ya vibao, zile mbili naagiza mpya. Waya wa ABS upande wa kulia nao nilikuta umevutwa kama uzi wa gitaa, nimeuachia. Nikaenda kupima alaimenti, na yule wa mashine akaniuliza kama gari liligongwa.

Kishindo kimekwisha. Ugumu bado upo, kwa sababu springi ni zilezile. Swali langu kwa wanaojua: nikiweka za kilo 5 mbele hesabu inanipeleka karibu na 2, ila shokapu imepangiwa 8. Kuna aliyefanya hivyo kitasa kikamtosha, au lazima zifunguliwe zipangwe upya ndani? Anayejibu aandike namba zake, picha ya gari siitaki.

Ngumi haipiti tena kwenye fenda. Vidole vitatu vinapita. Nimeegesha, nimegeuka nikatazama, nikaingia ndani.