Kipimo cha TB kimetoka hasi, kidonda cha mama shingoni hakiponi

Mwana_wa_Wete: Asalam alaykum ndugu zangu. Mama yangu alivimba tezi la shingo, haliumi, likapasuka lenyewe. Sasa ni kidonda kinachotoa usaha na ngozi ya pembeni imegeuka zambarau. Antibayotiki hazikufua dafu. Daktari akashuku TB ya ngozi, akakata kinyama kikapimwa kwa GeneXpert. Majibu: TB haikuonekana. Jamaa wanasema basi si TB, twende kwa mtu wa mitishamba. Roho yangu haitulii.

Shangazi_Mkoani: Waalaykum salaam. Pole mwanangu. Usikitie majani kidonda hicho kabla hakijajulikana, nakuomba. Anakohoa? Amekonda?

Mwana_wa_Wete: Hakohoi, shangazi. Kukonda amekonda.

Maabara_Unguja: Nafanya kazi maabara. Hasi hiyo haimtoi kwenye TB. Mashine ile ya GeneXpert inatafuta vinasaba vya bakteria, na chini ya saa 2 inakwambia wamo au hawamo, na kama ni sugu kwa rifampisini, dawa kuu ya TB. Kwa makohozi inafaa sana. Ngozini bakteria mara nyingi ni wachache mno, kipande kilichokatwa kinaweza kuwakosa na wamo pembeni yake tu. Halafu ulizia kinyama kilitiwa kwenye nini. Cha kuangaliwa kwa hadubini hutiwa fomalini, dawa ya kuzuia kinyama kisioze. Cha vinasaba na cha kuotesha, yaani kuwakuza bakteria maabara waonekane, kinatakiwa kibichi, kwenye salaini, maji ya chumvi.

Mwana_wa_Wete: Niliona kichupa kimoja tu, maji yake yana harufu kali.

Maabara_Unguja: Yaelekea ni fomalini. Inaharibu vinasaba na inaua bakteria, na waliokufa hawaoti. Mwombeni daktari akate upya, vipande viwili, kila kimoja na kichupa chake. Kuotesha kunaweza kufika wiki 8, lakini msiache.

Karafuu_Kavu: Shemeji yangu yalimkuta hayohayo. Vinasaba hasi, hadubini ikaonyesha alama za TB. Daktari akaangalia na eksirei ya kifua, akamwanzishia dawa, miezi 6. Kidonda kilifunga. Dawa za TB ni bure. Hadubini ya mama ilisemaje?

Mwana_wa_Wete: Hatujapewa. Kesho nayafuata majibu hayo, na la kukata upya nitalisema.

Shangazi_Mkoani: Na nyinyi mnaolala nyumba moja naye mkapimwe, watoto kwanza.